Ujira wa Mpagazi: Historia ya Ahadi ya Kazi kutoka Bagamoyo hadi Kariakoo

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, biashara iliyounganisha pwani ya Afrika Mashariki na nchi za maziwa makuu ilibebwa vichwani na mabegani mwa watu, kwa kuwa mbung'o, nzi wanaoambukiza mifugo ugonjwa wa nagana, waliwamaliza punda na ng'ombe katika sehemu nyingi za njia, na wala hapakuwa na mto ambao vyombo vingeweza kuupanda kutoka baharini hadi Tabora au Ujiji. Pembe za ndovu ziliteremka pwani kwa miguu ya watu, na kwa miguu hiyohiyo zilipanda bara nguo za merikani, yaani nguo za pamba isiyopaushwa zilizofumwa Marekani, pamoja na kaniki, shanga na nyaya za shaba. Mtu aliyefanya kazi hiyo kwa malipo aliitwa mpagazi, na kazi yake ilikuwa na masharti yaliyofahamika vyema kwa tajiri mwenye mali na kwa mbebaji, ingawa hayakuwa yameandikwa katika sheria ya dola yoyote. Nguvu ya masharti hayo haikutokana na wema wa matajiri. Ilitokana na jambo moja la wazi, kwamba mpagazi aliyedhulumiwa aliweza kuutua mzigo na kuondoka, na siku serikali za kikoloni zilipolifanya tendo hilo kuwa kosa la jinai, ahadi aliyopewa ilibaki bila mlinzi.

Wapagazi hawakuwa kundi la namna moja. Wengi na mashuhuri zaidi walikuwa Wanyamwezi, watu wa nchi inayouzunguka mji wa Tabora, ambao tangu mwanzoni mwa karne hiyo walikuwa wakiteremka pwani na pembe zao wenyewe, kabla misafara ya wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili haijazoea kupanda hadi kwao. Kwa kijana wa Kinyamwezi safari ya pwani ilikuwa shule na heshima, na aliyerudi akiwa na nguo alizozipata kwa jasho lake alihesabiwa kuwa mtu mzima miongoni mwa wenzake. Kundi la pili lilikuwa la waungwana, jina waliloitwa wapagazi na askari wa misafara waliotoka Zanzibar na miji ya mrima, yaani pwani inayoielekea Zanzibar, wakiwamo watu huru na pia watumwa walioruhusiwa na mabwana zao kujikodisha na kuwarudishia sehemu ya ujira. Wanyamwezi kwa kawaida walipatana malipo ya safari nzima na kulipwa kwa nguo, hali waungwana walihesabiwa kwa mwezi na kulipwa kwa riale za fedha, ambapo riale 5 kwa mwezi kilikuwa kiwango kilichozoeleka sana kwa misafara ya Wazungu iliyoondokea Zanzibar. Wanahistoria wanakadiria kwamba kuelekea mwisho wa karne, katika njia ya kati ya Bagamoyo na Tabora na matawi yake, watu wapatao 100,000 walipita kila mwaka wakiwa na mizigo.

Makubaliano ya msafara yalikuwa na mambo manne ambayo kila upande uliyajua kabla ya safari kuanza. La kwanza lilikuwa uzito. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila 2, yaani takribani kilo 32, mbali na vitu vya mpagazi mwenyewe kama mkeka, chungu na silaha, na tajiri aliyejaribu kupenyeza zaidi ndani ya mtumba wa nguo alijikuta katika mabishano asubuhi ya kwanza, kwa kuwa mpagazi mzoefu aliupima mzigo kwa kuuinua tu. La pili lilikuwa posho, yaani chakula cha kila siku, ambacho kilipimwa kwa kibaba cha nafaka au kilitolewa kama kipande cha nguo au shanga za kununulia chakula vijijini. La tatu lilikuwa malipo ya awali, ambayo kwa waungwana yaliweza kufikia mshahara wa miezi mitatu au minne, na ambayo mpagazi aliiachia familia yake au alimlipa aliyekuwa akimdai. La nne, ambalo wageni walichelewa sana kulielewa, lilikuwa muda. Mnyamwezi alikuwa pia mkulima, alitoka kwao baada ya mavuno wakati wa kiangazi na alitaka awe amerudi kabla ya mvua za kupandia, kwa hiyo kumweka Bagamoyo majuma mengi akingoja mali ambayo haijafika kutoka Unguja kulikuwa kuvunja ahadi, hata kama posho ilitolewa kila siku bila kukosa. Msafiri aliyeandika kwa hasira kwamba wapagazi wake walimtoroka mwezi Oktoba mara nyingi hakujua kwamba mashamba yao yalikuwa yakiwaita.

Msimamizi wa makubaliano hayo njiani alikuwa kirangozi, kiongozi aliyetembea mbele ya msafara akiwa amejipamba kwa kilemba au nguo nyekundu, ambaye kwa misafara ya Wanyamwezi alitokana na wapagazi wenyewe na alihitaji ridhaa yao. Wapagazi waligawanyika katika makambi, yaani vikundi vidogo vya watu waliopika pamoja na kulala pamoja, na kila kambi ilikuwa na mkubwa wake, hivi kwamba lalamiko la mtu mmoja kuhusu kibaba kilichopunjwa liliweza kuwa lalamiko la msafara mzima kabla ya jua kuchwa. Walipokataa kunyanyua mizigo asubuhi wakidai posho ya ziada kabla ya kuingia Mgunda Mkali, nyika kavu yenye maji haba iliyokuwa magharibi ya Ugogo, walichokuwa wakifanya ni mgomo wa wafanyakazi kwa maana kamili, na tajiri mwenye busara alikaa nao chini akapatana. Kutoroka ndiko kulikuwa hatua ya mwisho. Hata hivyo desturi ilitofautisha kati ya yule aliyeuacha mzigo kambini akaondoka kwa sababu alidhulumiwa na yule aliyepokea malipo ya awali akatoweka kabla ya safari au akakimbia na mali, kwa kuwa huyu wa pili alihesabiwa kuwa mwizi, na liwali wa Sultani wa Zanzibar aliyekuwa Bagamoyo aliweza kumkamata. Ahadi, kwa hiyo, iliwafunga wote wawili, na tofauti hii kati ya kutoroka kwa haki na kutoroka kwa wizi ndiyo iliyokuja kufutwa baadaye na sheria za kikoloni.

Nyuma ya kila msafara kulikuwa na mnyororo mrefu wa mikopo. Wafadhili wa Kihindi wa Unguja, kama Tharia Topan ambaye alipata pia kuwa msimamizi wa forodha ya Sultani, waliwakopesha wafanyabiashara mali kwa ahadi ya pembe ambazo zingefika baada ya mwaka mmoja, miwili au zaidi, na Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kama Tippu Tip, alijenga himaya yake ya biashara katika bara la mashariki la Kongo kwa kuaminiwa kwa namna hiyo. Bagamoyo kwenyewe, Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1851, alikuja kuwa mtu muhimu kuliko wote katika kuwapatia wageni wapagazi na bidhaa za safari. Mnyororo huu ulikuwa na nguvu kwa sababu kila aliyekuwamo alijua kwamba atarudi tena kwa mwenzake msimu ujao. Mpagazi alikuwa mwisho wake, na tajiri aliyecheleweshewa mali au aliyepata hasara bara alishawishika kwanza kuipunguza posho, lakini sifa ya dhuluma ilisafiri haraka kutoka kambi hadi kambi, na aliyekwisha kuipata alipata taabu kuajiri watu wazuri safari iliyofuata.

Wageni walioingia katika desturi hii bila kukusudia kurudi ndio waliojaribiwa zaidi kuivunja, na kisa kilichoacha kumbukumbu kamili kuliko vyote ni kile cha msafiri Mwingereza Richard Burton. Burton na mwenzake John Hanning Speke walitoka Zanzibar mwezi Juni 1857 kwenda kuyatafuta maziwa ya bara. Kabla ya kuondoka, Atkins Hamerton, balozi wa Uingereza Zanzibar, aliwaahidi wakuu wa msafara, akiwamo Said bin Salim aliyekuwa msimamizi wa msafara huo, zawadi ya ziada endapo wangetumikia vyema hadi mwisho. Miongoni mwa walioajiriwa walikuwamo pia watu waliojulikana kama wana wa Ramji, watumwa waliokodishwa kutoka kwa karani wa forodha. Hamerton alifariki mwezi Julai mwaka huohuo, msafara ukiwa ndio kwanza umeanza safari. Burton aliporejea Zanzibar mwaka 1859, baada ya kufika Ujiji na baada ya Speke kuliona ziwa ambalo Waingereza walikuja kuliita Victoria, alikataa kuwalipa watu hao zaidi ya walichokuwa wamekwisha pokea, kwa hoja kwamba ahadi ilikuwa na sharti la utumishi mwema, na kwamba wao walikuwa wavivu na wasumbufu, kwa hiyo sharti halikutimia.

Christopher Rigby, aliyechukua nafasi ya Hamerton, hakukubaliana naye. Alipeleka malalamiko Bombay, ambako ndiko mambo ya Zanzibar yalikoshughulikiwa wakati huo, akieleza kwamba watu hao walikuwa wamesafiri muda mrefu katika nchi ngumu na kuwarudisha Waingereza wote wawili salama, na Speke naye aliandika kuunga mkono dai lao. Burton alilaumiwa rasmi na serikali yake, na kwa kuwa alijiona ameonewa aliyachapisha mawasiliano hayo mwishoni mwa kitabu chake cha mwaka 1860 kuhusu maziwa ya Afrika ya Kati, jambo ambalo limewawezesha wasomaji wa leo kuzipima hoja za pande zote. Uzito wa mkasa huu haupo katika tabia ya Burton peke yake. Unaonyesha udhaifu wa ahadi yenye sharti ambalo mwajiri ndiye mwamuzi wake, kwa sababu msafara uliokwisha fika na kurudi ulikuwa ushahidi wa kutosha wa kazi iliyofanyika, lakini neno "vyema" lilimwachia mlipaji mlango wa kutokea. Unaonyesha pia kwamba wafanyakazi hao walisikilizwa kwa sababu walikuwa wenyeji wa bandari ambamo sifa ya Uingereza ilihitajika, na kila msafara wa Kiingereza uliofuata ungelazimika kuajiri watu palepale.

Itakuwa kosa kuisifu desturi ya msafara kupita kiasi. Misafara ileile iliyolinda ujira wa mpagazi huru iliweza kurudi pwani na watu waliofungwa minyororo, ambao hawakupatana na mtu yeyote, na mpagazi mtumwa alishuhudia sehemu ya riale zake ikiingia mkononi mwa bwana wake. Wagonjwa waliachwa njiani, ndui na njaa viliua wengi, na baadhi ya wasafiri wa Kizungu walitumia mjeledi na pingu kwa wepesi ulioshangaza hata wasafiri wenzao. Desturi haikuwa haki kamili. Ilikuwa kipimo ambacho dhuluma iliweza kupimiwa, na waliodhulumiwa walikuwa na lugha ya kudaia.

Utawala wa kikoloni ulibadilisha kipimo hicho kwa haraka. Wajerumani katika nchi waliyoitwaa waliifanya adhabu ya viboko kuwa jambo la kawaida kwa makosa ya kazi, hata wakaitwa pwani watu wa hamsa ishirini kwa sababu ya viboko 25 walivyokuwa wakitoa. Waingereza katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo mwaka 1920 iligeuzwa kuwa Koloni la Kenya, walitunga mwaka 1906 sheria ya mabwana na watumishi ambayo kwayo mfanyakazi aliyeacha kazi kabla ya mkataba kwisha aliweza kufungwa jela kama mhalifu, ilhali mwajiri aliyechelewesha au kuzuia mshahara mara nyingi aliachwa alalamikiwe tu, na mlalamikaji wake alipaswa kutembea siku kadhaa hadi bomani, akaeleze shida yake mbele ya ofisa ambaye jioni angekula chakula na huyo mwajiri. Wakati huohuo reli ilimaliza misafara ya masafa marefu. Reli ya Mombasa ilifika Ziwa Victoria mwaka 1901, na ile ya Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, hivyo ilionekana kwamba kazi ya mpagazi imekwisha na kwamba maswali yake ya haki yamekwisha nayo.

Vita Kuu ya Kwanza ilirudisha mzigo kichwani miezi michache tu baadaye. Majeshi ya Uingereza yaliyomfuata jenerali wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck yaliingia katika nchi isiyokuwa na barabara, wanyama wao walikufa kwa nagana, na kila askari aliyekuwa mstari wa mbele alihitaji watu kadhaa nyuma yake wa kumbebea chakula na risasi. Mwezi Agosti 1914 liliundwa jijini Nairobi jeshi la wapagazi lililoitwa Carrier Corps, chini ya Oscar Watkins, na mwaka 1915 ilitungwa sheria iliyoruhusu watu kuchukuliwa kwa nguvu. Machifu na wazee wa mitaa walipewa idadi ya watu wa kutoa, na mwaka 1917, katika mkusanyo mkubwa uliosimamiwa na John Ainsworth, zaidi ya watu 100,000 walichukuliwa kutoka Kenya pekee kwa muda wa miezi michache. Kwa jumla, wapagazi waliotumikia upande wa Uingereza, wakiwamo waliotoka Uganda, Tanganyika iliyotekwa, Nyasaland na kwingineko, walizidi milioni moja. Upande wa Wajerumani nao ulichukua watu bila hiari na kulipia mahitaji yake kwa noti za karatasi zilizochapishwa wakati wa vita, ambazo hazikuwa na thamani yoyote baada ya kushindwa kwao.

Mambo ya makubaliano ya kale yalikuwapo kwa majina, lakini yalipinda. Mshahara, ambao mwanzoni mwa vita ulifikia rupia 10 au zaidi kwa mwezi, uliteremshwa mwaka 1915 hadi rupia 5 au 6, kwa kuwa walowezi na maofisa walihofia kwamba ujira mzuri wa vitani ungewafanya Waafrika wadai ujira mzuri mashambani baada ya vita, na hoja ya namna hiyo, inayopanga malipo ya mtu kwa kuangalia faida ya mwajiri mwingine kabisa, haikuwa na nafasi katika mapatano ya Bagamoyo. Posho ilikuwa unga wa mahindi ambao watu wengi hawakuuzoea, na ambao kambini, penye kuni chache na maji mabaya, uliliwa haujaiva, hata kuhara damu kukaua watu wengi pamoja na malaria na homa ya mapafu. Muda haukuwa na mpaka wa kuaminika, kwa maana jeshi lilisonga kusini mwaka 1916 na 1917 kwa kasi iliyozidi uwezo wa maghala yake, na watu waliotoka nyanda za baridi za Kenya walijikuta katika mabonde ya Rufiji wakati wa mafuriko. Na aliyetua mzigo akaondoka alikuwa mtoro wa jeshi. Hesabu rasmi za wapagazi waliofariki upande wa Uingereza zilizidi 40,000, na wanahistoria waliozipitia kumbukumbu wanakadiria kwamba idadi ya kweli inakaribia au kuzidi 100,000.

Tatizo la ujira wa wafu lilizaliwa ndani ya utaratibu wenyewe wa malipo. Sehemu kubwa ya mshahara ilitolewa mtu alipoachiliwa kurudi kwao, kwa hiyo aliyefia njiani alikufa akiidai serikali kila kilichosalia. Makarani waliyaandika majina kwa kuyasikia tu, jina moja likapata tahajia tatu katika daftari tatu, watu walihamishwa kutoka kikosi hadi kikosi, wengine walilazwa hospitali za mbali na kuzikwa huko bila ndugu kujua, na familia iliyofika bomani kudai haikuwa na karatasi ya kuonyesha. Watkins, ambaye tangu wakati wa vita alipigania chakula bora na matibabu kwa wapagazi, alisisitiza pamoja na Ainsworth kwamba fedha hizo ni mali ya watu waliozifanyia kazi. Serikali za makoloni ziliomba kwamba, kama warithi hawapatikani mmoja mmoja, kiasi hicho kitumiwe kwa manufaa ya jamii walizotoka, kwa mfano katika elimu. London ilikataa. Ofisa mmoja wa Wizara ya Makoloni aliandika kwamba vita hivyo viliepuka kuwa kashfa kwa sababu tu walioteseka zaidi walikuwa wapagazi, watu ambao hakuna aliyewajali. Ni nadra kwa ofisa wa serikali kuisema kweli ya serikali yake waziwazi kiasi hicho, na ni jambo la kusikitisha kwamba maneno yake hayakubadilisha uamuzi.

Waliorudi hai walikuta ahadi nyingine zikivunjwa. Nchini Kenya utekelezaji wa sheria ya kipande ulianza miaka ya 1919 na 1920, ambapo kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kazi alitakiwa kuwa na karatasi ya utambulisho, iliyotiwa katika kasha la chuma na kuvaliwa shingoni, na mwajiri ndiye aliyeandika humo lini mtu ameanza kazi, amelipwa kiasi gani na ameachiliwa lini. Asiyesainiwa na bwana wake hakuweza kuajiriwa kwingine. Mwaka 1921 waajiri walipitisha azimio la kukata mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, na ni katika hasira hiyo ambapo Harry Thuku aliongoza East African Association jijini Nairobi, huku Young Kavirondo Association ikianzishwa Nyanza, mojawapo ya sehemu zilizotoa wapagazi wengi mno. Thuku alikamatwa mwezi Machi 1922 na umati uliokusanyika kudai aachiliwe ukapigwa risasi. Dai la kazi, ambalo zamani lilizungumzwa kati ya kirangozi na tajiri kando ya moto wa kambi, sasa lilikuwa dai la kisiasa, kwa sababu mwajiri na mtunga sheria walikuwa wamesimama upande mmoja.

Jijini Dar es Salaam, iliyotekwa na Waingereza mwezi Septemba 1916, eneo lililofanywa kambi ya wapagazi liliitwa Kariakoo kutokana na jina la Carrier Corps, na Nairobi ina Kariokor yake kwa asili ileile. Sanamu iliyosimamishwa katikati ya Dar es Salaam mwaka 1927 ni ya askari mmoja mwenye bunduki, na mpagazi hayumo, ingawa katika kundi la sanamu la Nairobi la mwaka 1928 yumo na maandishi ya chini yake yanawasifu wapagazi kwa kulifanya jeshi liweze kutembea na kutenda. Mwezi Aprili 2021 tume inayoshughulikia makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba Waafrika wengi mno waliofariki katika vita hivyo, wapagazi wa Afrika Mashariki wakiwa sehemu kubwa yao, hawakukumbukwa kwa majina yao, na serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Radhi hiyo ilihusu majina na kumbukumbu. Ujira wao ni jambo jingine, na kwa kipimo cha desturi iliyokuwapo Bagamoyo kabla ya ukoloni, ambayo ilimhesabu kuwa mwizi mtu aliyepokea cha mwenzake bila kutimiza upande wake, serikali iliyopokea kazi ya watu hao na kuukataa ujira wao bado ina deni.